Mwenye Kiti na Mwenye Kihamba: Kuisoma Nguzo Mama kutoka Miteremko ya Kilimanjaro

1. Utangulizi

Tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando ilichapishwa mwaka 1982, ndani ya Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa (1976–1985). Kisa chake hakina ugumu kukisimulia. Katika kijiji cha Patata kuna nguzo iliyolala chini, na wanawake wa kijiji hicho wanatakiwa kuisimamisha. Wanakusanyika, wanajaribu, kisha wanatawanyika mmoja baada ya mwingine kwa mambo ya majumbani mwao. Mchezo unakwisha nguzo ikiwa bado haijasimama.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba wanawake wa Patata wameshindwa kwa kukosa umoja. Hitimisho hilo lina ushahidi katika matini, kwa kuwa wahusika wanagombana na kusengenyana. Hata hivyo, linaacha swali moja bila jibu: umoja huo ungejengwa juu ya nini? Makala haya yanadai kwamba Nguzo Mama ni tamthiliya ya umiliki kabla ya kuwa tamthiliya ya umoja. Wanawake wa Patata wanaamriwa kusimamisha kitu juu ya ardhi isiyo yao, kwa wakati usio wao.

Dai hili linapimwa kwa kuisoma tamthiliya sambamba na historia ya vyama vya ushirika vya Moshi na vijiji vya mlimani. Tamthiliya yenyewe haikutungwa juu ya Kilimanjaro, na mwandishi wake ni mzaliwa wa mkoa wa Morogoro. Sababu ya kuchagua Kilimanjaro ni kwamba huko kulizuka vyombo viwili vya ushirika katika kaya za namna moja: kimoja cha kahawa, ambacho uongozi wake kwa miongo mingi ulikuwa wa wanaume, na kingine cha maziwa, ambacho wanachama na viongozi wake ni wanawake. Tofauti kati ya viwili hivi haiwezi kuelezwa kwa tabia za wanawake, kwa sababu wanawake wenyewe ni wale wale.

2. Wahusika wenye majina ya namba

Muhando amewapa wanawake wa Patata majina ya hesabu, kama vile Bi Pili, Bi Tano, Bi Saba na Bi Nane. Pili na Tatu ni majina ya kawaida katika jamii nyingi za Waswahili, lakini Nane si jina ambalo mzazi humpa mtoto. Orodha inapofika huko, msomaji hutambua kwamba hasomi majina tena bali anahesabu vichwa. Wanawake hawa wameitwa kazini kama idadi.

Uteuzi huo wa majina umezidi kupata maana kadiri miaka ilivyopita. Mjadala wa usawa wa kijinsia mahali pa kazi leo huendeshwa kwa namba: wanawake wangapi wamo katika bodi, wangapi ni wakurugenzi, wangapi ni wakuu wa idara. Norway ilipitisha mwaka 2003 sheria iliyotaka angalau asilimia 40 ya wajumbe wa bodi za kampuni kubwa za umma wawe wa kila jinsia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizuia jinsia moja kushika zaidi ya theluthi mbili ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Tanzania ina utaratibu wake wa viti maalumu bungeni. Hatua hizi zimefungua milango iliyokuwa imefungwa, na hakuna sababu ya kuzibeza. Lakini Nguzo Mama inakumbusha kwamba hesabu inaweza kutimia na kazi isifanyike. Wanawake wa Patata wanafika mbele ya nguzo wakiwa wengi wa kutosha. Kinachopungua si vichwa.

Matini inaonyesha kinachopungua. Kila mwanamke anayeiacha nguzo huondoka kwa sababu kuna mtu mwingine mwenye haki juu ya wakati wake au mali yake. Yupo mjane ambaye ndugu wa marehemu mumewe wanadai mali iliyoachwa. Wapo wanaohangaikia riziki ya watoto, na wapo walio chini ya amri za waume zao. Ugomvi wao jukwaani ni matokeo ya hali hiyo, na tamthiliya imeupanga hivyo: mzigo wa nyumba hutangulia, kisha ndipo maneno makali hufuata.

3. Kahawa hufuata kihamba

Kahawa ilianza kupandwa mlimani Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, pale wamisionari Wakatoliki wa Kilema walipoileta. Mwaka 1925 wakulima Waafrika waliunda chama chao cha kulinda zao hilo, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Historia ya KNCU husimuliwa kwa fahari, na kwa haki. Ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya mwanzo vya Waafrika katika bara hili.

Msingi wa uanachama wake, hata hivyo, ulikuwa mkahawa, na mkahawa husimama ndani ya kihamba. Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchaga, lenye migomba, mikahawa na makaburi ya wazee. Kwa mila hurithiwa na watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Mke huishi humo, hulima humo na huvuna humo, lakini si mwenye kihamba. Kwa hiyo jina lililoandikwa katika daftari la chama cha msingi kwa kawaida lilikuwa la mume, na malipo ya kahawa yalipokelewa kwa jina hilo. Mwanamke aliyechuma, aliyemenya na aliyeanika kahawa alikuwa mfanyakazi wa zao ambalo chama chake kilimhesabu mtu mwingine.

Hapakuhitajika kanuni ya kumzuia mwanamke asigombee uongozi. Asiye na kihamba hakuwa na mkahawa, asiye na mkahawa hakuwa mwanachama, na asiye mwanachama hakuweza kuchaguliwa. Mlango ulifungwa mbali sana na chumba cha mkutano. Huu ndio mpangilio ambao Nguzo Mama inauonyesha kwa njia ya mjane wake: anayeishi juu ya mali kwa sababu ya uhai wa mwanamume hana mahali pa kukanyaga uhai huo ukikatika.

Sheria imejaribu kuukata mnyororo huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayowanyima wanawake haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini mnyororo wenyewe haukuwa wa sheria peke yake. Ulikuwa pia wa daftari, wa kaburi la babu na wa aibu ya binti kumdai kaka yake.

4. Maziwa na nguzo iliyosimama

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji cha Nronga, upande wa Machame wilayani Hai, wanawake walianzisha ushirika wa maziwa. Wanachama walikuwa wanawake na uongozi ukawa wa wanawake. Ushirika ulikusanya maziwa ya kijiji, ukayapima, ukayauza, na soko la mjini Moshi likawa sehemu ya biashara yao. Zipo habari za vikundi vingi vya wanawake vilivyoanza wakati huo na kufa, lakini ushirika huu ulidumu.

Jambo la kuuliza ni kwa nini maziwa na si kahawa. Jibu limo katika mgawanyo wa zamani wa mali ya nyumbani mlimani: ng'ombe ni wa mume, maziwa ni ya mke. Maziwa yalikuwa kitu kidogo, cha kulisha watoto na cha kupeleka kibuyu sokoni, na kwa udogo wake kiliachwa mikononi mwa wanawake bila ubishi. Nronga iligeuza haki hiyo ndogo kuwa hisa. Mwanamke hakulazimika kuomba kihamba ili awe mwanachama, kwa sababu alileta kitu ambacho mila yenyewe ilikiri kuwa ni chake. Umoja ambao Patata iliukosa ulipatikana kwa kuwa kila aliyefika kwenye mizani alikuwa na chake cha kupima.

Hapa pana upungufu wa kutajwa katika Nguzo Mama. Tamthiliya inawaonyesha wanawake wakihangaikia riziki kila mmoja kivyake, lakini haioni uwezekano wa riziki hiyo kuwa msingi wa chombo cha pamoja. Nguzo yake hutoka nje ya maisha ya wahusika. Imewekwa mbele yao kama wajibu, na hakuna anayeuliza kama kuna nguzo nyingine, fupi zaidi, ambayo tayari imesimama jikoni au zizini. Ukali wa sitiari umeifanya tamthiliya isione yale maeneo madogo ya umiliki ambayo mila iliwaachia wanawake.

Upande wa pili nao una la kusema. Mafanikio ya Nronga hayakupunguza kazi. Ng'ombe wa mlimani hufugwa zizini, na majani yake huletwa kwa mtu kwenda kukata na kubeba, mara nyingi mwanamke, wakati mwingine kutoka nyanda za chini. Maziwa yanapopata bei, zizi nalo hudai zaidi. Nguzo ilisimama, lakini waliyoisimamisha hawakutuliwa mizigo waliyokuwa nayo vichwani. Aidha, haki inayotokana na udogo wa kitu iko hatarini siku kitu hicho kinapokua. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliposambaratika mwaka 1989 na bei ikaanguka, kaya za mlimani zilianza kutazama upya mazao yaliyodharauliwa. Ndizi na maziwa vikiwa fedha, swali la nani mwenyewe hurudi mezani. Patata haipaswi kusahauliwa hata mbele ya Nronga.

5. Neno mwenyekiti

Kiswahili kina fahari moja katika mjadala huu. Nomino za watu katika ngeli ya kwanza hazibagui jinsia: mkurugenzi, mkuu, mhasibu na mwenyekiti ni maneno ya mwanamke na mwanamume sawasawa. Waingereza walilazimika kuunda neno jipya la mwenyekiti kwa kuwa la zamani lilikuwa na mwanamume ndani yake. Waswahili hawakuhitaji kufanya hivyo.

Hata hivyo, usawa wa sarufi haujawa usawa wa matumizi. Habari za magazeti husema "mkurugenzi mwanamke" au "mkurugenzi mwanamama", na si rahisi kukuta "mkurugenzi mwanamume". Neno lisilo na jinsia hudhaniwa kuwa la mwanamume mpaka liambiwe vinginevyo. Ruth Zaipuna alipopewa uongozi wa Benki ya NMB mwaka 2020, na Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais mwaka 2021, lugha haikuhitaji kubadilika ili kuwapokea. Waliohitaji kubadilika ni wasemaji.

La muhimu zaidi ni muundo wa neno mwenyekiti. Limeundwa kwa mwenye, neno la umiliki linalopatikana pia katika mwenye nyumba, mwenye mali na mwenye shamba. Kiti kinatajwa kama kitu chenye mwenyewe. Kinyume chake, kiti maalumu ni kiti kilichotengwa, na anayekikalia hutambuliwa kwa aliyempa. Historia ya kahawa Kilimanjaro inaweza kufupishwa kwa msamiati huu: asiyekuwa mwenye kihamba hakuweza kuwa mwenye kiti.

Sifa maarufu ya mama kuwa nguzo ya nyumba nayo husomeka upya. Nguzo hubeba paa, lakini nguzo si mwenye nyumba. Muhando aliichukua sifa hiyo na kuilaza chini mbele ya hadhira ili ionekane kwamba ni mzigo.

6. Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba hoja ya umiliki inafaa kwa wakulima tu, kwa kuwa katika benki au kampuni hakuna anayerithi kihamba. Tamthiliya yenyewe inalijibu pingamizi hilo. Wengi wa wanawake wa Patata hawaiachi nguzo kwa kunyang'anywa ardhi, bali kwa kuwa wakati wao una mwenyewe mwingine. Mfanyakazi wa ofisini anayetakiwa kubaki kikaoni hadi jioni, huku nyumbani akisubiriwa apike na auguze, yuko mbele ya nguzo ile ile. Semina za kumjengea uwezo na kumtia moyo zinamwongezea jambo ambalo hakulikosa. Alichokosa ni saa zilizo zake.

Muhando mwenyewe alikuja kushika nyadhifa za juu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akaongoza FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika inayoshughulikia elimu ya wasichana. Tamthiliya aliyoiandika kabla ya hapo hufundishwa kama maonyo kwa wanawake kuhusu umoja. Ingefaa ifundishwe pia kwa wanaojifunza kuendesha vyama na kampuni, hata katika kile kilichokuwa Chuo cha Ushirika cha Moshi tangu mwaka 1963 na ambacho leo ni chuo kikuu. Msomaji wa huko, akiwa na daftari la wanachama mkononi, angeanza na swali ambalo wanawake wa Patata hawakupewa nafasi ya kuuliza: kabla ya kushika kamba, ardhi itakayochimbwa shimo la nguzo hii ni ya nani?