Picha ya Ndege Hupimwa Manyoyani

Mtu akikuonyesha picha ya ndege aliyoipiga kwa kamera ya zumu ndefu, mara nyingi huanza na namba: "Hii nimevuta mpaka mwisho." Namba haipimi picha. Omba faili lenyewe, si lile lililopita WhatsApp likabanwa, ulifungue kwenye kioo kikubwa na kulikuza mpaka kichwa cha ndege kijae. Kisha tazama jicho. Likiwa na ukingo unaoonekana na nukta ya mwanga iliyotulia ndani yake, endelea kutazama. Likiwa doa tu, picha hiyo ni ya kumbukumbu, hata kama ndege mwenyewe ni adimu. Picha zangu nyingi huishia hapa.

Kamera hizi huitwa za daraja kwa kuwa zimesimama kati ya kamera ndogo ya mfukoni na ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Lenzi yake haitoki. Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015, ndiyo iliyozipa sifa: watu waliuvuta mwezi mpaka ukajaa kioo. Ilihesabiwa kufika milimita 2000, na P1000 ya mwaka 2018 ikafika 3000. Lakini hizo ni namba za ulinganisho na kamera kubwa za kitaalamu. Lenzi ya P1000 kwa kweli ina milimita 539. Inavuta kana kwamba ni 3000 kwa sababu sensa iliyo nyuma yake ni ndogo mno, upana wake milimita 6 na kidogo, haifikii punje ya hindi. Sensa ya kamera kubwa za kitaalamu ina eneo la mara 30 hivi zaidi. Udogo huo ndio unaokuwezesha kubeba begani, kwa kilo moja na nusu isiyotimia, kifaa kinachomfikia tai juu ya mbuyu. Udogo huohuo ndio unaoharibu picha mwanga unapopungua. Anayepima kazi ya kamera hizi bila kulijua hili ataidharau picha nzuri na kuisifu mbaya.

Baada ya jicho, shuka kifuani. Mwanga ukipungua, kamera hupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, picha ikajaa chembechembe, nayo programu iliyo ndani ya kamera hujitahidi kuzifuta. Kwa kuwa haijui chembe ni ipi na unyoya ni upi, hufuta vyote. Kifua cha mdiria, ambacho kingekuwa na mistari myembamba iliyolala mmoja juu ya mwingine, kinakuwa laini kama ukuta uliopigwa plasta. Hapo wengine huongeza ukali wa picha kwenye kompyuta ili kuficha kosa, na mdomo wa ndege ukazungukwa na uzi mweupe ambao haukuwepo. Ukiuona uzi huo, jua picha imelazimishwa. Kipimo changu ni hiki: niweze kuhesabu manyoya japo kumi mahali pamoja mwilini. Kwa sensa ndogo, ISO 400 ndiyo mpaka ninaouheshimu, na 800 ni kwa shida. P950 ya mwaka 2020 na P1000 huhifadhi faili ghafi, ambazo hukuachia wewe uamuzi wa chembe zipi zifutwe na zipi zibaki. P900 haina nafasi hiyo.

Somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni la hewa. Nilijifunza kazi hii kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu. Miezi ya kaskazi huja pale ndege wa pwani wengi, na miongoni mwao yule mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hutaga mayai ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, katika pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, kisha hushuka kwetu. Maji yakipwa, tope hufika mbali na ndege hulifuata. Siku za mwanzo nilikuwa nawavuta kutoka hukohuko mbali, saa tano, saa sita, jua likiwa utosini. Kila picha ilitoka na miguu iliyopindapinda kama inayotazamwa juu ya moto wa jiko. Nililaumu lenzi, nikanunua stendi ya miguu mitatu, na hali ikabaki ileile.

Yale yalikuwa mazigazi. Jua hulichoma tope, hewa iliyo juu yake hupata joto na kuwa nyepesi, na mwanga ukipita katika hewa ya joto na ya baridi iliyochanganyika hupinda huku na huku. Lenzi inayomvuta ndege huuvuta na mchafuko huo pamoja naye. Hakuna stendi wala bei inayouondoa. Ndiyo sababu ni lazima ujue kutofautisha ugonjwa na ugonjwa. Mkono ukitetemeka, picha nzima hufutika kuelekea upande mmoja. Kamera ikilenga pasipo, ndege ni ukungu lakini kuna kitu mbele au nyuma yake kilicho wazi: unyasi, jani, kipande cha tope. Kwenye mazigazi hakuna kilicho wazi, kingo zina mawimbi, na picha kumi zilizopigwa kwa mfululizo hazifanani. Katika moja kichwa kina nafuu, katika ya pili ni mguu.

Mzee mmoja wa mashua aliyekuwa akinitazama ndiye aliyenipa dawa. "Mwanangu," aliniambia, "hao usiwafuate. Ngoja maji yakuletee." Tangu hapo hutafuta siku ambazo maji yanajaa asubuhi mapema au alasiri, nikafika saa mbili kabla hayajajaa, nikakaa chini, jua likiwa mgongoni. Maji yakipanda, ndege husukumwa hatua kwa hatua kuelekea nchi kavu, wenyewe wakiendelea kula. Wa mita 200 anakuwa wa mita 25. Sasa zumu haihitaji kufika mwisho, hewa iliyo kati yetu ni kidogo, na kifua kinarudisha mistari yake. Kwa hiyo ninapoona picha safi ya kamera ya daraja, hujua kwamba mpigaji alikuwa karibu. Hapohapo Mida kuna daraja la mbao la kuning'inia linalopita kati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kuangalilia ndege. Kumbuka kwamba hatua za mtu mmoja hulitikisa lote, basi subiri wenzako wasimame ndipo upige.

Rangi nyeupe ni mtihani mwingine wa haki. Sensa ndogo hupokea tofauti chache kati ya mwangaza na kivuli, na mbele ya tope jeusi kamera hujidanganya kwamba pote ni giza, ikaongeza mwanga. Yangeyange anageuka karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Weupe ukishateketea hivyo haurudishwi na programu yoyote. Katika picha nzuri utaona ndani ya weupe kivuli cha kila unyoya wa bawa. Punguza mwanga kwa theluthi mbili au hatua nzima, uiangalie grafu ya mwanga, na uvumilie kwamba tope litaonekana jeusi zaidi.

Ndege anayeruka sitamzungumzia sana. Kamera nyingi za aina hii ni nzito kulenga, na zumu ikiwa mwisho kumtafuta mbayuwayu angani ni kupoteza asubuhi. Mwenye nia hiyo aitazame Sony RX10 IV ya mwaka 2017. Inaishia milimita 600 tu, lakini sensa yake ina eneo la mara nne hivi ya hizi na hulenga upesi. Kwa maoni yangu, picha zake za mita 15 huzishinda za P1000 za mita 60 karibu kila mara. Zumu ya kidijitali izime kwenye menyu siku ya kwanza, maana hukuza pikseli zilezile na haiongezi unyoya hata mmoja.

Anayenunua ya mkono wa pili katika pwani yetu ya mchanga na chumvi aivute lenzi mpaka mwisho, abane tundu la lenzi, apige mbingu tupu na kutafuta madoa. Bomba la lenzi likitoka na kurudi huvuta vumbi ndani, na kwa kuwa lenzi haifunguki, kulisafisha ni kazi ya fundi.

Baada ya haya yote mtazame ndege mwenyewe. Picha inaweza kuwa safi kila mahali na bado ikawa mbaya, na mjuzi huliona hilo kabla ya kuambiwa. Shingo iliyonyooka, manyoya yaliyobanwa mwilini, mabawa yaliyofunguka nusu na macho yote yakimwelekea mpigaji: huyo alikuwa anakimbizwa. Ukiona kiota kilichopigwa na jua kali, kando yake vishina vyeupe vya matawi yaliyokatwa upya, ujue mtu aliondoa kivuli cha makinda ili apate picha. Anayekula, anayejichana manyoya, aliyelala kwa mguu mmoja, huyo hakusumbuliwa, na utulivu wake ni sehemu ya ubora wa kazi.

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, si mbali na Mida, kuna bundi mdogo asiyezidi shibiri moja, aliye hatarini kutoweka. Mchana hulala kwenye kichaka kizito, na mwenyeji anayeujua msitu anaweza kukufikisha. Mle ndani mwanga ni haba. ISO itapanda kupita mpaka niliouweka, na chembe zitakuwepo. Picha ya bundi huyo yenye chembe, macho yamefumbwa, jani limemfunika bega, naipa nafasi ya juu. Ile ambayo macho yake ya manjano yamefumbuliwa na kung'aa kwa flashi, hata kama kila unyoya unahesabika, naomba usiipige, na ukiipokea kwa mtu usiisambaze.