Macho Hayana Pazia

Jambazi akipenda, mabadiliko yake huanzia wapi? Katika picha za kauboi za Marekani, kabla filamu hazijapata sauti, yalianzia usoni. Na katika ufundi huo simwoni wa kumweka juu ya William S. Hart.

Hart aliingia kwenye filamu mwaka 1914, umri wake ukikaribia miaka 50. Alikuwa mtu wa jukwaani. Ndiye aliyekuwa Messala katika mchezo wa Ben-Hur ulioanza kuonyeshwa New York mwaka 1899. Jukwaani mwigizaji hupaza sauti na kurusha mikono ili aliyekaa nyuma kabisa asipitwe na kitu. Mbele ya kamera, Hart aliviacha vyote hivyo akatulia.

Mtazame katika Hell's Hinges ya mwaka 1916, iliyoandikwa na C. Gardner Sullivan na kutayarishwa na Thomas Ince. Yeye ni Blaze Tracy, mtu wa bastola katika mji uliooza kwa ulevi na kamari. Mwenye baa hataki kanisa mjini, na Blaze anakwenda kumpokea mchungaji mgeni kwa shari. Mchungaji amekuja na dada yake, Faith, anayeigizwa na Clara Williams. Blaze anamwona, anasimama, na shari aliyokuja nayo inamtoka usoni taratibu. Hakuna kushika kifua wala kuinua macho mbinguni. Mtu mzima mwenye uso mgumu anatazama tu, nasi tunajua kwamba kesho yake haitafanana na jana.

Baadaye anakaa kusoma Biblia aliyopewa, sigara mdomoni na chupa ya pombe kando. Mwandishi mwenye haraka angeiondoa ile chupa ili tumwone ameokoka. Sullivan na Hart waliiacha mezani, kwa sababu waliheshimu ukweli: mapenzi hayamsafishi mtu kwa siku moja.

Tena hayamfanyi kuwa mpole. Mchungaji, aliye dhaifu wa roho, ananaswa na mwanamke wa baa na pombe, kanisa linachomwa moto, naye anauawa. Mwenye joho ameanguka. Aliyesimama ni jambazi. Blaze anaingia baa na bastola mbili, anampiga risasi mwenye baa, kisha anazilenga taa za mafuta zinazoning'inia darini. Mji mzima unateketea, na kamera ya Joseph August inawafuata watu wakikimbia ndani ya moshi. Moyo uliolainika kwa Faith ndio huohuo unaowasha moto ule.

Filamu hii ina doa: maandishi yake ya kwenye skrini yanamweleza mwenye baa kwa maneno ya kuwatusi Wameksiko, na tusi hilo halina utetezi. Lakini ufundi wa uso ule umedumu, na mwaka 1994 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hii katika orodha ya zile zinazostahili kuhifadhiwa.

Wewe unayejifunza kuigiza au kuandika filamu, itafute uitazame; inachukua muda wa saa moja tu hivi. Kisha rudi kwenye kazi yako, na kila neno la mapenzi ambalo uso ungeweza kulisema, lifute.