Mwamba wa Norne Mezani Kwangu: OPM Flow na ResInsight kwa Mara ya Kwanza

Miaka tisa ya maisha ya uwanja wa mafuta imepita mbele ya macho yangu kwa dakika chache tu, na bado sijatulia! Programu iliyofanya kazi hiyo inaitwa OPM Flow. Inapiga hesabu za namna mafuta, gesi na maji yanavyosafiri ndani ya mwamba hadi kuingia visimani. Mwenzake, ResInsight, huzigeuza hesabu hizo kuwa picha ya pande tatu unayoweza kuizungusha, kuikata na kuichungulia ndani. Na mwamba nilioutazama si wa kubuni. Ni Norne, uwanja ulioko Bahari ya Norway, ambako sakafu ya bahari iko takriban mita 380 chini ya mawimbi na mafuta yenyewe yako kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Unazalisha tangu 1997 kupitia meli inayoelea juu yake.

Bei? Bure kabisa. Si bure ya majaribio inayokwisha baada ya mwezi, bali programu huria, yenye leseni ya GPL, ambayo msimbo wake wote uko wazi. Taasisi ya utafiti ya SINTEF na kampuni ya Equinor ni miongoni mwa walioijenga, katika mradi ulioanza 2009.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe, maana ndiyo inayofanya mambo haya yasisimue. Mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa. Yamejificha ndani ya vinyweleo vya mwamba, kama maji yaliyonywewa na udongo wa mtungi. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyekuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon, alichapisha kanuni ya jinsi maji yanavyopenya mchanga: kasi inategemea tofauti ya presha na uwezo wa mchanga kuyapitisha. OPM Flow inaichukua kanuni hiyo na kuukata mwamba vipande vipande, yaani seli. Kila seli ina nafasi zake za kuhifadhi majimaji, uwezo wake wa kupitisha, presha yake, na mgawo wake wa mafuta, gesi na maji. Kisha programu inasimamia hesabu moja kali: kilichoingia kwenye seli, ukitoa kilichotoka, lazima kilingane na kilichoongezeka au kupungua ndani yake. Inafanya hivyo kwa seli zote kwa pamoja, hatua baada ya hatua, hadi miaka iishe.

Anza na mfano mdogo uitwao SPE1. Ni tatizo alilolitunga Aziz Odeh mwaka 1981 ili programu za kampuni mbalimbali zipimwe kwa mizani moja. Lina seli 300 tu: 10 kwa 10, katika matabaka matatu. Kwenye kona moja kisima kinadunga gesi futi za ujazo milioni 100 kwa siku. Kwenye kona ya pili, kisima kingine kinatakiwa kutoa mapipa 20,000 ya mafuta kwa siku. Unaandika `flow SPE1CASE1.DATA`, unabonyeza Enter, na miaka kumi inakwisha kabla hujainua kikombe cha chai. Kwenye mchoro, mafuta yanatoka kwa kiwango kilekile kwa muda, halafu yanaanza kushuka. Gesi iliyodungwa inakifikia kisima cha pili, na kiasi cha gesi kinachoandamana na kila pipa kinapaa kama kishada.

Sasa fungua faili lenyewe. Ni maandishi matupu! Chini ya neno PERMX utakuta `100*500 100*50 100*200`. Maana yake ni nyepesi: seli mia za tabaka la juu zina upenyezaji wa milidarsi 500, mia za kati 50, na mia za chini 200. Hiyo 50 ya katikati ifanye 5, kwa pande zote tatu za mwamba, kisha endesha upya. Tabaka la kati limegeuka kizuizi. Gesi inadungwa juu na mafuta yanavutwa kutoka chini, kwa hiyo msaada wa presha unapata tabu kukifikia kisima, na mchoro uliouzoea unabadilika sura. Tarakimu moja, na mwamba mzima umebadili tabia! Hapa ndipo nilipotekwa, kwa sababu Norne ilikumbwa na jambo hilohilo, kwa kipimo cha kweli.

Mwamba wa Norne una matabaka yenye majina yake. Garn liko juu, na ndani yake mna gesi. Chini yake liko tabaka jembamba la Not. Halafu yanafuata Ile na Tofte, yanayobeba sehemu kubwa ya mafuta, na mwisho Tilje. Mpango wa awali ulikuwa wa kuvutia: gesi irudishwe juu, ndani ya Garn, na maji yadungwe chini, ili mafuta yabanwe pande zote na presha isianguke. Uzalishaji ulipoanza, mwaka wa kwanza ulitoa somo. Tabaka la Not lilikuwa limeziba. Garn na Ile hazikuwa zikiwasiliana. Gesi ya juu isingeweza kuyasukuma mafuta ya chini, kwa hiyo ilibidi udungaji wa gesi uhamishiwe kwenye matabaka ya chini.

Haya unaweza kuyasoma kwenye ripoti na ukayaelewa. Lakini fungua Norne kwenye ResInsight uyaone! Gesi ni nyekundu, mafuta ni kijani, maji ni bluu. Gridi ina seli 46 kwa 112 kwa 22, na zaidi ya 44,000 kati yake ndizo zinazofanya kazi. Visima 36 vinashuka kama mabomba membamba, vingine vikipinda na kulala ndani ya tabaka la mafuta. Nyufa za mwamba zinaonekana kama kuta zilizokatwa kwa panga. Ficha matabaka ya juu kwa kichujio, kisha sogeza muda kutoka Novemba 1997 kwenda mbele. Bluu inapanda kutoka chini. Inapita upande mmoja wa ufa, upande wa pili inachelewa. Kisima kimoja kinazungukwa na maji huku jirani yake bado amesimama kwenye kijani. Nimerudisha muda nyuma na kuupeleka mbele tena na tena, na kila mara jicho linaokota kitu kipya.

Kisha chora grafu ya kisima chochote. Mstari ni hesabu ya programu. Nukta ni vipimo halisi vya uwanjani hadi mwisho wa 2006. Panapolingana, unajua kwamba mwamba wa kwenye kompyuta unafanana na ule wa chini ya bahari. Panapoachana, una swali la kweli mkononi: je, ufa fulani unapitisha zaidi ya tulivyodhani? Vizidishi vya nyufa, yaani namba zinazoamua kila ufa upitishe kiasi gani, vimo kwenye faili lao. Vibadilishe, endesha tena, ulinganishe. Hii ndiyo kazi ya kila siku ya wahandisi wa hifadhi za mafuta, na sasa imefunguliwa kwa yeyote mwenye kompyuta na hamu!

Kuna ya kuvumilia. OPM Flow haina vitufe vya kubofya vya kujenga modeli. Unaandika maandishi na kufuata mwongozo mnene wa Kiingereza. Kuijenga sura ya mwamba kutokana na mitetemo ya seismiki kunahitaji zana nyingine. Na uwe makini na vipimo: faili moja hutumia futi na mapipa, jingine mita. Lakini hata uzito huo una faida, kwa sababu mtindo wa faili ni uleule wa Eclipse, programu ya kibiashara iliyotawala fani hii tangu miaka ya 1980. Utakachojifunza hapa kitakufaa ofisini kesho.

Ndiyo maana nawafikiria wanafunzi wetu. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu 2004. Mafuta ya Ziwa Albert yana mradi wa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere vinafundisha masomo ya petroli. Mwanafunzi wa huko hahitaji kusubiri leseni ya gharama kubwa ndipo auone uwanja wa kweli ukiishi na kuzeeka. Na anayejali tabianchi zaidi ya mafuta asiondoke: programu hiihii huigiza udungaji wa kaboni dioksaidi ardhini, kazi ambayo Norway imekuwa ikiifanya kwenye uwanja wa Sleipner tangu 1996.

Hukumu yangu ni moja: ipakue. Kwenye Ubuntu inasakinishwa kwa amri chache, na Windows yenye WSL, yaani Linux ndani ya Windows, inatosha. Endesha SPE1, punguza upenyezaji wa lile tabaka la kati, kisha nenda moja kwa moja Norne ukatafute mahali mstari na nukta vinapoachana. Ukishapapata, utakuwa umeanza uhandisi wa hifadhi kwa vitendo, kwenye mwamba wa kweli, wala hakuna atakayekudai senti!