Mama, Mtoto na Mjukuu: Ufundi wa Kibanja cha Ihanda

Apitaye Ihanda kwa gari huona migomba kila upande na huenda akadhani imejiotea. Ashuke, atembee taratibu, aingie chini ya majani. Ataona mibuni imejipanga mahali ambapo jua hupenya kwa kiasi, maharage yametambaa penye mwanga zaidi, magimbi yamewekwa kwenye unyevu, na huku na huko mgrevilea au msambya umeachwa usimame. Mpakani pana omulamula, mmea mgumu usiokufa upesi, ambao wazee waliuamini kuliko jiwe lolote la mpaka. Katikati ya hayo yote pana nyumba. Hicho ndicho kibanja, na kila kilichomo kimewekwa au kimeachwa na mtu aliyejua anachokifanya.

Vilima hivi vya Karagwe, mkoani Kagera, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika ya Machi hadi Mei, na vuli inayokolea Oktoba na Novemba. Lakini mvua peke yake haikuleta kibanja. Nje yake kuna rweya, uwanda wa majani, ambao udongo wake ni dhaifu ingawa mawingu ni yale yale. Udongo mweusi wa kibanja ulitengenezwa. Vizazi kwa vizazi vilikata majani ya rweya na kuyatandaza chini ya migomba, vikamwaga samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na mabua ya maharage. Ndiyo maana aina za ndizi za kupika zinazopendwa zaidi, kama Nshakala na Enyoya, husogezwa karibu na nyumba, ambako rutuba ni nyingi, na mara nyingi Embire ya kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, huachiwa pembezoni.

Ufundi wenyewe huonekana vizuri zaidi kwenye shina moja la mgomba. Mgomba huzaa mara moja tu, kisha hufa; kinachoendelea kuishi ni tunguu lililo ardhini, ambalo hutoa machipukizi mengi kuliko linavyoweza kuyalisha. Mkulima huacha matatu ya rika tofauti, mama, mtoto na mjukuu, na mengine huyang'oa. Kanuni hiyo hufundishwa kwa dakika moja. Kujua yupi awe mtoto na yupi awe mjukuu huchukua miaka.

Chipukizi lenye majani mapana mapema humvutia asiyejua, kwa sababu linaonekana limenawiri. Mzoefu huliondoa. Hulichagua lile lenye majani membamba kama upanga, lililochomoza kutoka chini na kushikamana barabara na mama yake, maana huyo ananyonya vizuri na atasimama imara. Kisha huangalia upande. Shina zima husogea kidogo kila kizazi, kuelekea alikoachwa mtoto. Ukichagua ovyo, baada ya miaka kadhaa migomba miwili inagombana, na penginepo pamebaki uwazi. Kwa hiyo mtu mwenye panga mkononi hutazama mahali ambapo mkungu utaning'inia miaka mingi ijayo, na huamua leo.

Mkungu ukishakatwa, kazi haijaisha. Mgomba uliozaa hukatwa vipande na kupasuliwa kwa urefu ili ukauke haraka, kwa sababu fukusi hupenda kutaga kwenye gogo bichi. Kisiki hukatwa usawa wa ardhi na kufunikwa udongo. Kwenye migomba iliyosimama, majani makavu hupogolewa na kulazwa chini, mabichi huachwa yaendelee kulisha mkungu. Matandazo hayabanwi kwenye shina; huachiwa nafasi, ili mizizi isijae juu juu na fukusi wasipate kivuli cha kujificha.

Wakati wa maua ndipo kibanja humdai mtu akili zaidi. Kiangazi kikivunjwa na mvua, mibuni huchanua kwa pamoja, nyeupe na yenye harufu, na nyuki huja. Wanahitajika sana. Robusta, kahawa kuu ya Kagera, haiwezi kujichavusha kwa poleni yake yenyewe; lazima poleni itoke kwenye mbuni mwingine wa Robusta wenye nasaba tofauti, iletwe na upepo au wadudu. Lakini nyuki hao hao hutembelea pia ua dume la mgomba, lile lenye rangi ya wekundu na zambarau linalobaki likining'inia chini ya mkungu, na humo wanaweza kubeba bakteria wa ugonjwa wa mnyauko kutoka shina hadi shina. Ugonjwa huo uligunduliwa Kagera mwaka 2006, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, na uliteketeza vibanja vizima.

Jibu la wakulima linastahili heshima. Nyuki hawakufukuzwa, kilichoondolewa ni ua. Chana ya mwisho ikishafunguka, mkulima huchukua kijiti chenye panda, hulishika ua dume na kulizungusha mpaka livunjike. Hatumii panga, kwa kuwa ubapa wake ungebeba ugonjwa kwenda kwenye mgomba unaofuata. Na panga linapolazimika kutumika, huchomwa motoni au kuoshwa kwa dawa kati ya shina na shina. Kwa tendo hilo dogo, lililofanywa siku yake, kahawa inapata wachavushaji na migomba inabaki salama zaidi.

Mwaka huenda hivyo, kila msimu na mkono wake. Mvua za kwanza huleta maharage, ambayo hupandwa kwa kuchokoa udongo kidogo tu, kwa sababu mizizi ya mgomba iko karibu na uso. Novemba senene, panzi wanaoliwa, hushuka, na watoto hukimbilia kuwakamata. Kiangazi cha katikati ya mwaka huleta kahawa iliyoiva, inayochumwa punje nyekundu baada ya punje nyekundu na kuanikwa juani.

Leo ng'ombe wamepungua, rweya inalimwa au kupandwa miti, na vibanja vinagawanywa kati ya warithi. Rutuba inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia. Mtafiti Ariane Krause na wenzake, wakishirikiana na shirika la MAVUNO la Karagwe, walijaribu mboji yenye vumbi la mkaa na kinyesi cha binadamu kilichotakaswa kwa joto. Matokeo waliyochapisha mwaka 2016 yalionyesha pH ya udongo ikipanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi, ambayo udongo huu unaikosa hasa, ikiongezeka. Hiyo ni kanuni ya wahenga wa kibanja kwa njia mpya: kilichotoka ardhini kirudi.

Kwa hiyo kijana anayerithi kibanja Ihanda asianze kwa panga. Amfuate bibi au mama anayekitunza, masika yote na vuli yote, na kwa kila shina amwulize kwa nini huyu ameachwa na yule ameng'olewa. Hati ya ardhi itamwonyesha mipaka. Majibu hayo ndiyo yatakayomfanya mwenye kibanja.