Kitenzi cha Kupasuliwa

Maak die deur toe, funga mlango. Katika kamusi ya Kiafrikaans kitenzi hicho ni neno moja, toemaak, lakini anayeamuru hukipasua: maak hutangulia, toe hubaki nyuma, mlango ukawa katikati. Sasa mkatize msemaji kabla hajaitamka toe. Hujui bado kama anataka mlango ufungwe au ufunguliwe, maana kufungua ni oopmaak, na kichwa cha amri zote mbili ni kilekile. Habari yote imewekwa kwenye silabi ya mwisho.

Kwa sisi tuliokulia katika Kiswahili huu ni ufundi wa ajabu, nami nausema kwa kuusifu. Kitenzi chetu hufika na mizigo yake yote begani. Ukisema "sifungi", ukanushi umeshatoka kabla kitendo hakijajulikana. Kiafrikaans hakina haraka hiyo: Ek maak die deur nie toe nie. Nie ya kwanza inakana, toe inaeleza kinachokanwa ni nini hasa, nie ya pili inakamilisha sentensi. Msikilizaji mwenye pupa ataumbuka.

Kanuni zenyewe ni chache. Katika sentensi kuu kitenzi hushika nafasi ya pili, hata ukianza na nini. Anza na saans, yaani jioni, na ek itasogea nyuma ya kitenzi: Saans maak ek die deur toe. Tanguliza omdat, "kwa sababu", na kitenzi chote kitahamia mwisho, vipande vyake vikiungana tena: omdat ek die deur toemaak. Wakati uliopita ge hupenya katikati, toegemaak; baada ya om, anayepenya ni te: toe te maak. Shuleni Afrika Kusini wanafunzi hukaririshwa neno STOMPI, ambalo herufi zake husimamia kiima, wakati, yambwa, namna, mahali na kitenzi-jina, vitenzi vingine vikichomekwa katika nafasi zao. Linafaa kwa mtihani. Sokoni hakuna anayezungumza kwa kuhesabu herufi.

Sikio hufundishwa na mkazo. Tazama voorkom. Mkazo ukiwa kwenye voor, kitenzi hupasuka na maana yake ni kutokea: ongelukke kom voor, ajali hutokea. Ukihamia kwenye kom, hakipasuki, na maana ni kuzuia: ons voorkom ongelukke, tunazuia ajali. Hata wakati uliopita hautoi nafasi ya kubahatisha: cha kwanza kinakuwa voorgekom, cha pili kinabaki voorkom bila ge. Yaani kati ya ajali kutokea na ajali kuzuiwa pana mkazo tu! Mgeni anayepewa kazi ya kuandika ilani za usalama kiwandani namwonea huruma.

Kinachonivuta zaidi ni watu walioutunza ufundi huu. Kiholanzi kilipofika Cape katika karne ya 17, Wakhoikhoi walijifunza, na vilevile watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Vinywani mwao, na mwa wazao wa walowezi, jinsia za nomino zilipotea na kitenzi kikaacha kubadilika kwa nafsi: ek maak, hy maak, ons maak. Mengi magumu yalitupwa. Kitenzi cha kupasuliwa kikabaki. Waislamu wa Cape waliiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi, mwanazuoni aliyetumwa huko na dola ya Uthmaniya, kilichapishwa Istanbul mwaka 1877.

Baadaye lugha hiyohiyo ilishikishwa fimbo. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kulazimishwa kusomea kwayo, wakapigwa risasi. Sarufi haina hatia, lakini anayejifunza asijifanye hajasikia.

Mezani mambo ni mepesi zaidi. Eet jou kos ni "kula chakula chako", na mtoto mjanja atachota kijiko kimoja kisha adai ametii. Ndiyo maana mama huongeza kipande kimoja mwishoni: Eet jou kos op. Hapo sahani lazima ibaki tupu.