Svgutils inajua karatasi, haijui ardhi

Tuseme unapima zebaki, ile wanayotumia wachimbaji wadogo kunasa dhahabu, kwenye visima vya ukanda wetu, na Kagongwa ni kituo chako kimojawapo. Una ramani uliyoichora kwa Inkscape: barabara ya Isaka kwenda Kahama, mashine za kukoboa mpunga, visima. Una na grafu ya Matplotlib. Unataka viwe mchoro mmoja. Njia tunayoiona kwenye tasnifu nyingi ni skrinishoti: unabandika kwenye Word, unavuta kona mpaka itoshe. Ikichapishwa, namba za mhimili hazisomeki.

Mchoro wa vekta hauna ugonjwa huo. SVG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha wavuti mwaka 2001, haihifadhi pikseli, inahifadhi maelekezo: chora mstari toka hapa mpaka pale. Na kwa kuwa faili lenyewe ni maandishi matupu, Python inaweza kulifungua na kupachika grafu ndani yake. Maktaba ndogo iitwayo svgutils ndiyo kazi yake: inasoma michoro miwili, inasogeza mmoja, inaukuza au kuupunguza, inahifadhi. Vipimo vikibadilika unaendesha msimbo upya, basi. Kwa hilo naipa maksi zote.

Shida ni kwamba wewe ndiye unayeiambia isogeze grafu 120 kulia na 80 chini, na hizo namba mara nyingi umezikadiria kwa jicho. Halafu SVG huhesabu kuanzia juu kushuka chini, wakati mhimili wa grafu yako unapanda. Tena Matplotlib inaandika SVG kwa pointi 72 kwa inchi, Inkscape tangu toleo la 0.92 inatumia pikseli 96. Changanya hayo mawili, grafu inatoka robo tatu ya ukubwa ulioutaka.

Kwenye mchoro wa mashine ya mpunga, na kijigrafu cha chenga pembeni, sentimita moja huku au kule haimdhuru mtu. Kwenye ramani ni habari nyingine. Kwa skeli ya 1:50,000, nukta ikihama milimita 2 tu, ardhini imehama mita 100. Hapo kisima kichafu kimeshakuwa cha jirani. Watu watakikimbia kilicho salama na kuendelea kuchota kwenye zebaki.

Kwa hiyo nukta za visima zichorwe na GeoPandas kutoka kwenye vipimo vya GPS, pamoja na barabara, kwenye mhimili mmoja. Svgutils iachiwe vijigrafu vya pembeni, picha ya mashine na ufunguo wa ramani.

Jambo dogo jingine: kabla ya kuhifadhi, weka svg.fonttype kuwa 'none'. Bila hivyo Matplotlib inageuza kila herufi kuwa umbo, na msimamizi akikwambia jina la kitongoji limekosewa, ndani ya Inkscape huwezi kulifuta na kuliandika upya.