Ripoti ya Tume ya Ukweli ya Sierra Leone na Lugha ya Utawala

Ripoti hii, aliyokabidhiwa Rais Ahmad Tejan Kabbah mwezi wa Oktoba 2004, ni matunda ya mapatano ya Lomé ya mwaka 1999 na sheria iliyofuata mwaka 2000. Vita vilianza Machi 1991, vikatangazwa kwisha Januari 2002. Tume, chini ya uongozi wa Askofu Joseph Humper, ilikusanya maelezo ya watu zaidi ya 7,000.

Sifa yake kubwa ni ushupavu. Wengi walizoea kunena kwamba vita vile vililetwa na almasi. Ripoti yakana: almasi ziliongeza kuni motoni, lakini waliouwasha moto ni watawala wabaya, kwa ulafi, rushwa na upendeleo. Raia alikuwa ametengwa na serikali yake. Mabaraza ya wilaya, yaliyovunjwa mwaka 1972, yalirudishwa kwa sheria ya mwaka ule ule wa 2004.

Walakini kasoro iko katika lugha. Wananchi walisimulia mateso yao kwa Kikrio, Kimende, Kitemne na lugha nyinginezo. Ripoti ikaandikwa Kiingereza. Toleo la watoto lastahili sifa kwa maneno yake mepesi, lakini Kiingereza chepesi ni Kiingereza vile vile.

Tukiipima serikali iliyojengwa upya kwa kipimo cha ripoti yenyewe, twaona kutengwa kule hakujaondoka. Katiba ya mwaka 1991, kifungu cha 75, yamtaka mbunge ajue kusema na kusoma Kiingereza kiasi cha kushiriki mijadala. Kifungu cha 90 chaamuru shughuli za Bunge ziendeshwe kwa lugha hiyo. Mgombea huomba kura kwa Kikrio; akishachaguliwa, sheria yamtaka awajibu waliomchagua kwa lugha ambayo wengi wao hawaisikii.

Yawezekana kujibiwa kwamba Kiingereza hakimpendelei Mmende wala Mtemne. Ni kweli, lakini Kikrio nacho, ingawa ni lugha ya mama kwa wachache, hueleweka karibu nchi nzima. Wala sisi tusijisifu: Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria za Tanzania mwaka 2021 tu.

Ripoti ilishauri adhabu ya kifo ifutwe, nayo ikafutwa mwaka 2021. Basi shauri jema laweza kungoja miaka 17 na lisife. Lililobaki ni kuwarudishia wasimulizi maneno yao, katika lugha walizoyasemea.